Jinsi ya kuchagua transmita ya video iliyo halali kwa ndege yako ya kupigia picha: anza na chaneli, wati baadaye

Swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Kaka, nimefunga transmita ya wati moja kwenye ndege yangu, mbona picha inakata nikifika mita 80, ninunue ya wati mbili?" Nikiuliza iko chaneli gani, kimya. Nikiuliza antena ya chini ni ipi, naambiwa ni ile iliyokuja kwenye boksi. Basi leo naandika yote mara moja, kwa yeyote anayetaka kupiga picha shamba, ufukwe au nyumba kwa ndege ndogo ya rimoti bila kuwaingilia watu wengine hewani na bila kunyang'anywa kifaa.

Kitu kimoja kielewe kabla hujatoa hela. Kamera yako inahifadhi picha kwenye memori kadi yake hukohuko juu, transmita kazi yake ni kukuletea picha ya kupangia tu, uone kama shamba limeingia lote na upeo haujalala upande. Na ndege unatakiwa uione kwa macho yako, sasa ndege ya mabawa ya mita moja na nusu ukiipeleka mita 500 tayari ni kidoti angani. Kwa hiyo unachohitaji ni picha inayosomeka ndani ya mita 500, na hiyo miliwati 25 zinaileta. Najua wengi hamuamini, hesabu nimeiweka kwenye hatua ya 4.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la modeli ya transmita unayoifikiria pamoja na karatasi yake ya vipimo. Picha ya tangazo haitoshi.
- Jedwali la chaneli zake likionyesha megahazi za kila namba.
- Miwani au skrini yenye risiva ya gigahazi 5.8.
- Antena mbili za aina moja ya mzunguko (hatua ya 5 inaeleza), na moja bapa ya kuelekeza kwa ajili ya upande wa chini.
- Malitimita, mzani mdogo wa gramu, kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 yenye volti 35, risasi ya kulehemu na pasi yake.
- Feni ndogo, hata ile ya mezani.
- Mtu wa pili. Huyu sio wa kusindikiza tu, ukivaa miwani yeye ndo macho yako.

Ukiweza kuazima kipima nguvu cha redio itakuwa vizuri zaidi maana lebo za vifaa vya bei rahisi hazisemi ukweli kila mara.

## Hatua ya 1: Gonga milango miwili, sio mmoja

Watu wengi wakishapata kibali cha kurusha wanadhani wamemaliza. Anga ina mamlaka yake na mawimbi ya redio yana mamlaka yake. Tanzania anga ni TCAA na mawimbi ni TCRA, Kenya ni KCAA na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCAA na UCC, Rwanda ni RCAA na RURA. Kwa Tanzania kuna na kibali cha Wizara ya Ulinzi kwa ndege zisizo na rubani, kishughulikie mapema kabla mzigo haujafika bandarini.

Kwa mamlaka ya mawasiliano andika barua au imeili fupi yenye vitu vitatu: modeli kamili, inatuma kuanzia megahazi ngapi hadi ngapi, na nguvu yake ya juu kabisa kwa miliwati. Uliza kama kifaa hicho kimeidhinishwa au kinahitaji kuidhinishwa, na kama unatakiwa kuwa na leseni. Jibu lao ndo linalokulinda, liprinti uliweke kwenye begi la ndege.

Onyo: muuzaji kukuuzia sio ushahidi kwamba kitu ni halali. Kule Marekani, Julai 2020, mamlaka yao ya mawasiliano FCC ilithibitisha faini ya dola 2,861,128 dhidi ya HobbyKing kwa kuuza transmita za video za droni ambazo hazikukidhi masharti, nyingine zikituma kwenye masafa ya watu wengine kabisa. Duka lilikuwa kubwa na maarufu na bado vitu vile havikuwa halali, sembuse kiduka kisichokuwa hata na anwani.

Walioko nje nao wana utaratibu wao. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya gigahazi 5.8 unaitumia bila leseni kati ya megahazi 5725 na 5875 ukiwa na miliwati 25, na Uingereza ukirusha kwa miwani lazima pawe na mwangalizi pembeni yako anayeiona ndege. Marekani transmita nyingi za kurushia modeli zinataka uwe na leseni ya redio ya ridhaa.

Umefaulu hatua hii kama una jibu la maandishi mkononi. Wakati unalisubiri, fanya uchaguzi wako kwa kipimo cha Ulaya, 5725 hadi 5875 na miliwati 25. Afrika na Ulaya tuko kanda moja ya masafa kimataifa, Kanda ya 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na hicho kipimo ni kikali, kifaa kinachoweza kukitii ni rahisi kukitetea mbele ya mkaguzi. Ila jibu la mamlaka yako likisema tofauti, fuata jibu.

## Hatua ya 2: Ondoa bendi zisizofaa

Hapa maamuzi ni ya haraka.

Megahazi 900: acha. Amerika kuna kipande cha wazi cha 902 hadi 928, ndo maana vifaa hivyo vimejaa mitandaoni, lakini huku kwetu eneo hilo ni la simu za mkononi. Ukiwasha pale unaweza kuwa unaharibu mawasiliano ya kijiji kizima na hujui.

Gigahazi 1.2: acha pia. Zinapenya miti vizuri kweli na ndo zinawavutia watu, ila GPS ina wimbi lake la pili kwenye megahazi 1227.60, na chini kidogo ya hapo kuna vyombo ambavyo ndege za abiria zinatumia kupima umbali na kujitambulisha kwa rada. Hapo hatuzungumzii faini, tunazungumzia watu walioko angani.

Gigahazi 2.4: rimoti yako yenyewe iko hapo. Transmita ya video inatuma mfululizo bila kupumzika, na ikikaa sentimita chache kutoka risiva ya rimoti ni kama mtu anapiga kelele sikioni mwako wakati mwingine anakunong'oneza. Ndege inaacha kusikia amri.

Inabaki 5.8, na ndo tunayoenda nayo.

## Hatua ya 3: Soma jedwali la chaneli mstari kwa mstari

Hapa ndo wengi wanafeli kwa hiyo tutakaa kidogo. Transmita nyingi za analogi zinauzwa kama "chaneli 40", yaani bendi tano za chaneli nane nane: A, B, E, F na R. Mtu anaona 40 anafurahi. Lakini chaneli kuwemo kwenye kifaa haimaanishi unaruhusiwa kuitumia.

Kumbuka mipaka yetu, 5725 hadi 5875. Halafu kumbuka kwamba wimbi la video ya analogi lina upana, linachukua karibu megahazi 20, kumi huku na kumi kule. Kwa hiyo katikati ya chaneli yako panatakiwa pakae kati ya 5735 na 5865, sio ukingoni kabisa.

Sasa tupite bendi moja moja:

Bendi E ifute kichwani. Chaneli zake ni 5705, 5685, 5665, 5645, 5885, 5905, 5925 na 5945, zote nane ziko nje ya mipaka. Ile ya 5645 ni mbaya zaidi, inaangukia kwenye masafa ambayo nchi kadhaa zinatumia kwa rada za hali ya hewa.

Bendi R, ile ya mashindano, ni 5658, 5695, 5732, 5769, 5806, 5843, 5880 na 5917. Zinazokaa ndani vizuri ni namba 4, 5 na 6 tu. Namba 3 inachungulia nje kidogo.

Bendi F ndo rafiki yako: 5740, 5760, 5780, 5800, 5820, 5840, 5860, zote saba ziko ndani, ya nane tu 5880 ndo inatoka.

Bendi A inaanza 5865 kushuka hadi 5725, epuka ile ya mwisho maana nusu ya wimbi lake iko nje. Bendi B inaanza 5733 hadi 5866, ya kwanza na ya mwisho ziko ukingoni mno, za katikati hazina shida.

Jambo jingine, kama unapiga picha hoteli au nyumba yenye waifai ya gigahazi 5, chaneli za juu za waifai zinakaa kati ya 5735 na 5835. Ukichagua F7 yaani 5860 unakuwa umewapisha kabisa, F6 yaani 5840 inawagusa kidogo tu ukingoni. Mi nikiwa maeneo ya mahoteli huwa naanza na F7 moja kwa moja.

Chukua kalamu, uandike chaneli zako tatu halali kwenye kipande cha tepu na uibandike juu ya transmita. Mfano: F4, F6, F7. Umefaulu kama mtu mwingine anaweza kuishika ndege yako na kusoma anatakiwa awe wapi bila kukuuliza.

Na mifumo ya kidijitali je? Hiyo inajichagulia masafa kulingana na nchi au kanda uliyoiweka kwenye mipangilio, kwa hiyo weka kanda ya kweli. Kuna watu wanadanganya kanda ili kifaa kifunguke nguvu ya Amerika, na huko ndo kifaa halali kinageuka kuwa haramu wakati hakuna waya hata mmoja uliobadilika. Isitoshe analogi ikichoka inaanza kutoa chengachenga unapata muda wa kugeuza ndege, dijitali inaweza kuganda ghafla. Kwa mtu anayeanza kupiga picha bado nashauri analogi.

## Hatua ya 4: Sasa ndo uongelee nguvu

Tafuta transmita inayoshuka hadi miliwati 25 na kubaki hapo. Nyingi zimeandikwa 25/200/600, soma karatasi ujue ikiwashwa mara ya kwanza inaanzia ngapi, maana kuna zinazoanzia juu. Kama ipo inayotoa 25 peke yake chukua hiyo, mkaguzi hatakuwa na swali la pili.

Kipimo cha sheria kinahesabu nguvu inayotoka kwenye antena, sio kwenye kifaa peke yake. Desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, na miliwati 25 ni desibeli 14 juu ya miliwati moja. Antena ya kawaida ya ndege inaongeza kama desibeli 2, kwa hiyo kusema kweli kifaa kilitakiwa kutoa kama miliwati 16 ili jumla iwe 25. Ndo maana usifunge antena ya kuelekeza kwenye ndege.

Sasa ile hesabu niliyoahidi. Mita 500 kwa gigahazi 5.8 mahali pa wazi wimbi linapoteza kama desibeli 102. Unatoka na 14, unatoa 102, unaongeza antena bapa ya desibeli 8 kwa upande wa risiva, unafika na hasi 80. Risiva nzuri ya analogi kwenye hasi 80 inakupa picha ya kupangia bila taabu.

Angalia na upande wa pili. Kuongeza umbali mara mbili kunadai nguvu mara nne. Ukitoka 25 kwenda 100 umevunja kipimo, umekula betri, umeongeza joto na umepata mara mbili. Antena bapa ya desibeli 8 badala ya ile fimbo ya desibeli 2 chini ulipo inakupa mara mbili ileile, na antena ya kupokea haitumi chochote kwa hiyo haigusi kipimo cha sheria hata kidogo. Hela yako iweke pale.

## Hatua ya 5: Antena na kiunganishi, kagua kwa macho

Mwaka juzi jamaa mmoja alinikuta uwanjani na ndege yake, picha inachafuka mita 40 tu, ameshabadilisha transmita mara mbili na zote zinachemka. Nikaifungua antena nikaielekeza juani nichungulie ndani. Kwenye antena katikati palikuwa na kitundu, hakuna sindano. Nikatazama kiunganishi cha transmita, nako kitundu. Skrubu ilikuwa imekaza vizuri kabisa kwa nje lakini ndani vitundu viwili vilikuwa vinatazamana na hakuna kilichogusa kitu.

Kuna viunganishi vya SMA na vya RP-SMA, nje vinafanana na vinaingiliana, tofauti iko kwenye sindano ya katikati. Kanuni ni rahisi: upande mmoja uwe na sindano, wa pili uwe na kitundu. Kitundu kwa kitundu ni sawa na kuwasha bila antena na transmita inaungua, sindano kwa sindano unavunja.

Halafu angalia mzunguko. Antena zenye umbo la uyoga zinatuma wimbi linalozunguka kulia au kushoto, ya juu na ya chini lazima ziwe upande mmoja. Ukichanganya unaweza kupoteza desibeli 20 au zaidi, yaani umbali unabaki moja ya kumi. Kwa kawaida zinaandikwa RHCP (kulia) au LHCP (kushoto), kama haijaandikwa usinunue.

Kwenye ndege iweke ichungulie chini au nyuma, isikae nyuma ya betri wala kugusana na kabonifaiba, na iachane na risiva ya rimoti na GPS kwa sentimita 20 hivi au zaidi.

Usiwashe transmita kamwe bila antena, hata kwa sekunde tano za kujaribu.

## Hatua ya 6: Umeme, joto na uzito

Soma volti kwenye kifaa chenyewe. Betri ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6, ya seli 4 ni 16.8, na kuna transmita zinazotaka 5 tu. Pima kwa malitimita pale utakapochomeka, usiamini rangi za waya.

Ukiongeza kasi ya mota na picha ikaanza kuwa na mistari inayotembea, huo sio udhaifu wa transmita, ni uchafu wa umeme kutoka kwenye mota. Lehemu ile kapasita pale betri inapoingia, ukiangalia upande wa chanya na hasi, mistari itapungua sana au kuisha.

Joto: kifaa kimetengenezwa kipigwe na upepo wa kuruka. Mezani weka feni, na usifikishe dakika tatu bila upepo. Kwenye mwili wa ndege toboa tundu la kuingiza hewa mbele na la kutoa nyuma, la nyuma liwe kubwa zaidi. Ukishafunga kila kitu pima uzito halafu uhakikishe ndege bado imebalansi palepale ilipokuwa.

## Hatua ya 7: Jaribu chini kabla ya juu

Antena zote zikiwa zimefungwa, feni inazunguka, washa risiva kwanza halafu transmita. Weka F6 pande zote mbili. Kuna kosa hapa linawapata wengi, chaneli ya jirani nayo inaonyesha picha ukiwa karibu, sasa mtu anadhani amepatia. Linganisha namba kwenye risiva na taa au menyu ya transmita, zisome kwa sauti kama zinalingana.

Hakikisha iko 25. Kama umeazima kipima nguvu huu ndo wakati wake.

Kisha jaribu umbali, ndege iwe juu, usiiache majanini. Katikati ya mita 500 wimbi hili linataka uwazi wa kama mita mbili na nusu kulizunguka, chini ardhi inalibana, kwa hiyo matokeo ya chini siku zote ni mabaya kuliko ya angani. Wewe baki na risiva, antena bapa ikiwa juu ya nguzo ya hema au kijiti cha mita mbili, mwenzako abebe ndege kichwani aende mita 100, 200, 300, kila akifika ajigeuze taratibu duara zima.

Umefaulu kama mita 300 bado unatambua mti na nyumba pande zote za duara. Upande mmoja ukipotea tu, antena imezibwa na kitu cha ndani ya ndege, rudi hatua ya 5. Ikipotea pande zote, kagua mzunguko na sindano, usiguse kitufe cha nguvu.

Mwisho, ndege ikiwa mita 100 na video imewaka, chezesha rimoti uone kama mabawa yanaitika bila kusitasita. Yakisita, siku hiyo hurushi.

## Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Chagua asubuhi, uwanja wazi, mbali na kiwanja cha ndege, bila watu chini. Ruka kwanza kwa macho bila miwani, mwenzako ndo aangalie skrini na kukuambia picha ikoje. Zunguka mita 100 ukienda unaongeza, antena bapa ikielekea unakofanyia kazi, maana nyuma yake haioni.

Chengachenga za kwanza zikitokea mwenzako aseme "rudi", na wewe unageuza hapohapo. Mahali zilipotokea ndo mpaka wako kwa antena hizo na uwanja huo, uandike kwenye daftari pamoja na chaneli.

Ukibadilisha antena, kamera, betri au hata ukihamisha waya ndani ya ndege, rudia hatua ya 7 yote. Inachukua dakika 20.